Maisha ya Bwana Mganga Robert Koch, na Fundisho Lake kwa Wauza Dawa wa Simiyu

Katika kuzunguka sharika za Bariadi, Itilima na Maswa tumeona ya kuwa kijiji kikubwa kisicho na duka la dawa ni kigumu kukipata. Zahanati huenda ikawa mbali, na masika yakija mito hujaa hata haipitiki. Basi mama ambaye mtoto wake anahara usiku kucha, asubuhi humfunga mgongoni akaenda kwanza dukani. Huko hukutana na mzee akohoaye miezi miwili sasa, na kijana mwenye kidonda, na msichana atafutaye dawa ya homa. Wote husimama mbele ya meza moja, na wote huhudumiwa na mikono miwili ya mtu mmoja, ambaye si mganga, bali ni kijana aliyefundishwa kazi ya kutoa dawa kwa majuma machache. Wengi wa vijana hao ni watoto wa sharika zetu.

Tuliwaza moyoni: nyumba hii ya dawa yaweza kuwa nyumba ya uzima, tena yaweza kuwa kivuko ambapo ugonjwa huvuka kutoka mji huu hata mji mwingine. Ni nini kitakachoamua? Kwa ajili ya neno hili tumeona vema kuwasimulia habari za mtu mmoja aliyekufa zamani, ambaye alionyesha kwa macho jinsi ugonjwa unavyovuka. Naye hakuwa mtu wa mbali tu, maana alifika katika nchi yetu mara kadhaa, akakaa Dar es Salaam, akapita Mwanza, akafanya kazi katika visiwa vya ziwa letu. Jina lake ni Robert Koch.

Alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, kati ya milima ya Ujerumani, mahali pa machimbo ya madini. Baba yake alikuwa msimamizi katika machimbo, na watoto nyumbani walikuwa wengi. Yasemwa kwamba Robert alijifunza kusoma kwa magazeti kabla hajaenda shule. Mwaka 1862 alikwenda chuo kikuu cha Göttingen, akajifunza uganga. Mmoja wa walimu wake, Jacob Henle, alikuwa ameandika tangu mwaka 1840 kwamba magonjwa ya kuambukiza hutokana na viumbe hai vidogo sana. Lakini hakuna aliyekuwa ameweza kuonyesha kwa yakini kiumbe kimoja kilicho chanzo cha ugonjwa mmoja. Watu wengi walishika ya kuwa magonjwa hutoka katika hewa mbaya na uvundo wa ardhi. Koch alimaliza masomo mwaka 1866, na vita vya mwaka 1870 vilipotokea alitumika kama mganga wa askari.

Mwaka 1872 aliwekwa kuwa mganga wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo uko Poland. Wilaya ile ilikuwa ya wakulima na wafugaji, kama hapa kwetu, na mifugo yao ilikufa sana kwa kimeta. Watu wa Simiyu hawana haja ya kuelezwa kimeta. Wajua jinsi ng'ombe jioni ni mzima na asubuhi amelala chini, damu ikimtoka puani, na jinsi wale nyama yake wapatavyo majipu meusi. Koch hakuwa na maabara. Alitenga sehemu ya chumba chake cha kazi kwa pazia, akaweka hadubini, na mchana alitibu watu, na saa zilizobaki alitazama damu ya mifugo iliyokufa. Kwa vijiti vya mbao alivyovisafisha kwa moto alitia damu ile katika panya. Panya walikufa, na katika damu yao aliona vijiti vile vile vidogo sana alivyoviona katika damu ya kondoo. Kisha alivikuza nje ya mwili, katika maji ya jicho la ng'ombe, kizazi baada ya kizazi, na vya mwisho viliua kama vya kwanza.

Akagundua na neno jingine zito. Vijiti hivyo vikikosa chakula hugeuka kuwa mbegu ngumu, nazo hulala katika udongo miaka mingi, zikingoja mnyama apite. Ndiyo sababu malisho mamoja huua mifugo mwaka hata mwaka. Mwaka 1876 alichukua vyombo vyake akaenda Breslau kwa mwalimu Ferdinand Cohn, akawaonyesha wenye elimu kazi yake siku kwa siku, wakasadiki.

Mwaka 1880 aliitwa Berlin katika ofisi kuu ya afya. Tunawaomba watoa dawa wasikilize sana sehemu hii, maana ndiyo inayogusa kazi yao. Siku zile wapasuaji wa Ulaya walikuwa wameanza kutumia dawa ya kaboliki kuosha vidonda na vyombo, kwa kufuata mfano wa Joseph Lister wa Uingereza, na wengi waliponywa kwa njia hiyo. Lakini watu walianza kuitumainia harufu yake. Mahali paliponuka kaboliki palihesabiwa kuwa safi. Koch aliijaribu. Alichukua nyuzi za hariri, akazitia mbegu za kimeta, akazikausha, akazitumbukiza katika dawa mbalimbali, kisha akatazama kama mbegu zitaota. Mwaka 1881 alitangaza aliyoyaona: kaboliki iliyochanganywa na mafuta au na spiriti haikuziua mbegu hizo kabisa. Alijaribu pia moto mkavu na mvuke wa maji yachemkayo, akaona pamoja na wasaidizi wake kwamba mvuke hupenya na kuua kwa haraka kupita moto mkavu. Toka hapo hospitali zilianza kusafisha vyombo na vitambaa vyake kwa mvuke.

Fundisho lake ni wazi. Harufu kali si ushuhuda wa usafi. Kila dawa ya kusafisha ina vijidudu iviwezavyo na ivishindwavyo, ina kipimo chake, na ina muda wake wa kukaa kabla ya kufutwa. Tena ikimwagwa juu ya uchafu, nguvu yake hupotea katika uchafu. Kwanza sabuni na maji, ndipo dawa.

Mwaka ule ule alifundisha njia ya kukuza vijidudu juu ya kitu kigumu, ili kila aina imee peke yake isichanganyike na nyingine. Alianza na vipande vya viazi vilivyopikwa. Baadaye Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi wake, ambaye aliijua agari kwa mapishi ya nyumbani kwake, alishauri itumiwe hiyo, kwa kuwa haiyeyuki upesi kwa joto. Hata leo maabara za ulimwengu zatumia agari. Elimu ya jikoni imesaidia elimu ya hospitali.

Tarehe 24 Machi 1882, mbele ya wenye elimu wa Berlin, Koch alieleza ya kuwa amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Siku zile ugonjwa huo ulikuwa ukiua mtu mmoja katika kila watu saba kwa hesabu yake mwenyewe. Wengi walidhani ni ugonjwa wa ukoo, kama hapa petu wengine walivyodhani ni laana au kulogwa. Koch alionyesha kwamba si ukoo wala laana. Ni kijidudu, nacho kimo katika makohozi ya mgonjwa. Miaka michache baadaye alionyesha tena ya kuwa mwanga wa jua hukiua. Mpaka leo tarehe 24 Machi huadhimishwa kuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Mwaka 1883 kipindupindu kilizuka Misri, naye akatumwa Aleksandria. Wafaransa nao walituma waganga wao, na mmoja wao, Louis Thuillier, alishikwa na ugonjwa akafa huko. Koch na wenzake, ingawa mataifa yao hayakupendana, walikwenda kumzika. Kisha alivuka mpaka Calcutta katika India, na mwaka 1884 alitangaza kwamba amekikuta kijidudu chenye umbo la mkato katika matumbo ya wagonjwa, na pia katika bwawa ambamo watu walioga, wakafua nguo na kuteka maji ya kunywa. Mwitalia Filippo Pacini alikuwa amekiona mwaka 1854, lakini watu hawakumsikiliza.

Ushahidi mkubwa ulikuja mwaka 1892 katika mji wa Hamburg. Mji huo ulikunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Mji wa Altona ulikuwa umeshikamana nao, ulikunywa maji ya mto ule ule, tena chini ya mahali ambapo uchafu wa Hamburg uliingia. Lakini Altona waliyapitisha maji yao kwanza katika mchanga. Katika Hamburg walikufa watu wapatao 8,600. Altona walikufa wachache. Palikuwa na njia ambapo mpaka wa miji hiyo miwili ulipita, upande mmoja watu wakafa, upande wa pili wakapona. Hewa ilikuwa moja na ardhi ilikuwa moja; tofauti ilikuwa maji tu.

Sasa imetupasa kusema na makosa yake, maana maisha ya mtu yakisimuliwa kwa sifa tupu hayamfai msomaji. Mwaka 1890 Koch alitangaza kwamba amepata dawa ya kifua kikuu, akaificha siri ya jinsi inavyotengenezwa. Wagonjwa kutoka nchi nyingi walikimbilia Berlin, wengine wakiwa mahututi. Dawa ile haikuponya. Wengine walizidiwa, wengine walikufa. Dawa hiyo, iitwayo tuberkulini, ilibaki kuwa na faida moja, yaani kupima kama mtu ameambukizwa. Mtu aliyewafundisha wengine wasiamini kitu kabla ya kukijaribu, yeye mwenyewe aliharakisha. Siku zile nyumbani kwake nako hakukuwa na amani; ndoa yake na Emmy, aliyempa hadubini ya kwanza, ilivunjika, na mwaka 1893 alioa mke mwingine, Hedwig.

Miaka yake ya baadaye ilimleta Afrika. Mwaka 1896 alikwenda Kimberley, Afrika ya Kusini, kwa ajili ya sotoka iliyomaliza ng'ombe. Ndiyo ile sotoka ambayo kabla ya hapo ilikuwa imemaliza ng'ombe wa nchi hizi zetu. Toka mwaka 1897 hata 1898 alikaa Dar es Salaam akichunguza malaria. Wakati huo vilitoka Kisiba, magharibi ya ziwa, vipande vya maiti vilivyochukuliwa na mganga Zupitza, naye Koch akathibitisha ya kuwa ugonjwa wa huko ni tauni. Wenyeji wa Kisiba walikuwa wameona tangu kale kwamba panya wakianza kufa nyumbani, tauni i karibu, wakahama. Walijua kwa macho kabla ya hadubini.

Mwaka 1905 alirudi, akafuata njia za misafara kutoka pwani kwenda bara. Aliuliza kwa nini wasafiri walalao katika vibanda vya njiani hushikwa na homa inayorudi-rudi. Alichimbua udongo mkavu wa sakafuni akakuta papasi, na katika papasi vijidudu vya homa ile. Akaona ya kuwa papasi jike huvirithisha watoto wake kwa njia ya mayai. Mwaka ule ule Mwingereza Dutton na Mkanada Todd waliona mambo hayo katika Kongo ya mashariki, na Dutton alikufa katika kazi hiyo. Shauri la Koch kwa wasafiri lilikuwa jepesi: msilale vibandani, pigeni hema mbali kidogo. Mwisho wa mwaka huo alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu.

Safari yake kubwa ya mwisho katika nchi hizi ilikuwa ya mwaka 1906 na 1907. Malale yalikuwa yamewaua watu zaidi ya 200,000 kando ya ziwa upande wa Uganda. Koch alifika Mwanza, kisha akaenda visiwa vya Sese, akajenga kambi Bugala. Wagonjwa walimjia kwa mamia. Aliwachoma sindano za atoksili, dawa yenye arseniki ndani yake. Mwanzo wengi walipata nafuu, lakini ugonjwa ulirudi. Ndipo akaongeza kipimo. Wagonjwa waliona maumivu makali, wengine wakatoroka, na watu 22 walipofuka macho wasione tena. Baada ya hayo alirudi kwenye kipimo kidogo, na akashauri serikali ziwatenge wagonjwa katika kambi, shauri ambalo liliwatia watu wengi uchungu, kwa kuwa walitengwa na jamaa zao, na dawa ya kuwaponya haikuwapo.

Hatusimulii haya ili kumhukumu aliyekufa. Twayasimulia kwa sababu wale 22 walikuwa watu, wenye majina na nyumba, nao walimtumaini mwenye dawa. Kila anayeshika dawa mkononi na awakumbuke. Kuongeza kipimo kwa sababu kile cha kwanza hakikuponya ni jaribu linalomjia hata mwuza dawa wa kijijini, na mganga mkuu wa ulimwengu aliangukia hapo. Malale yenyewe hayakuwa mageni kwetu, maana mwaka 1922 yalizuka katika mapori ya mashariki ya Mwanza, upande wa Maswa.

Koch alikufa tarehe 27 Mei 1910 katika mji wa Baden-Baden, kwa ugonjwa wa moyo. Majivu yake yaliwekwa Berlin katika nyumba ya uchunguzi iitwayo kwa jina lake.

Sasa turudi Bariadi. Katika miaka ya 2023 na 2024 kipindupindu kiliingia mkoa wa Simiyu, nasi tuliwazika watu. Siku zile tuliingia katika duka moja, ambalo hatulitaji. Ndoo ya maji ilikuwa pembeni, na kikombe kimoja juu yake. Kila aliyenunua vidonge na kutaka kumeza hapo hapo alichota kwa kikombe kile, akanywa, akakirudisha. Binti aliyekuwa akihudumu alipokea noti kwa mkono wake, akafuta matapishi ya mtoto kwa kitambaa, kisha akahesabu vidonge juu ya kiganja kile kile. Hakuwa mvivu wala mkorofi. Alikuwa mwema sana kwa watu, na duka lake lilinuka dawa ya kusafishia. Lakini tulikumbuka bwawa la Calcutta, na tulikumbuka kaboliki ya Berlin.

Kwa hiyo twawaomba waalimu wa sharika na wazee wa kanisa wawasomee watoa dawa maneno haya.

Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, si katika beseni moja la siku nzima: kabla ya kugusa dawa, baada ya kumgusa mgonjwa au uchafu wake, na baada ya kushika fedha. Ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni haviwashindi wenye duka.

Vidonge vihesabiwe juu ya kisahani chake kwa kijiko chake, visiguswe kwa vidole. Na kisahani kifutwe kwa spiriti kabla ya kuhesabu dawa nyingine. Meza nayo isafishwe kila siku.

Maji ya kumezea dawa yawe yamechemshwa au kutiwa dawa ya klorini kwa kipimo, na kila mtu awe na kikombe chake, au anywe nyumbani.

Mtu akohoaye majuma mawili au zaidi asiuziwe dawa ya kikohozi tena na tena. Aketishwe karibu na dirisha au nje penye hewa na jua, aonyeshwe kufunika kinywa, kisha apelekwe zahanati apimwe makohozi. Kumcheka au kumfukuza ni dhambi, tena ni ujinga, maana Koch ameonyesha kwamba si laana.

Matapishi yamwagiwe klorini, yaachwe kidogo, ndipo yafutwe kwa mikono iliyovikwa glavu; na glavu iliyotumika isivaliwe tena. Sindano si kazi ya dukani. Na chombo chochote chenye ncha kikionekana kitiwe katika boksi gumu, kisitupwe jalalani wanapochezea watoto.

Na mtoa dawa akiugua kuhara au homa, na akae nyumbani. Toka mwaka 1893 Koch na wenzake walionyesha ya kuwa hata mtu asiyejiona mgonjwa aweza kubeba kijidudu. Si zaidi aliye mgonjwa? Mwenye duka asimkate mshahara kwa siku hizo, maana hasara ya siku mbili si kama hasara ya kijiji.

Binti yule tulimwendea tena baada ya miezi michache. Ndoo ilikuwa na bomba, kikombe kilikuwa kimeondolewa, na kisahani cha kuhesabia kilikuwa mezani. Alituonyesha mikono yake akicheka, imepauka kwa sabuni. Tulifurahi, tukaenda zetu.